Vita Vilivyofika Kwenye Mashine ya Unga

Kila Alhamisi Noela alikuwa na safari moja. Alipepeta mahindi, akajaza debe, akajitwika, akaenda kusaga kwa Bi Mwamvua. Haikuwa mbali. Unapita mashamba mawili ya pamba, unavuka korongo, umefika. Hata ukifumba macho ungefika, maana injini ya dizeli ilisikika kitongoji kizima cha Mwabusolo, mpaka kwenye barabara ya lami iendayo Tinde.

"Mwangaluka, Bi Mwamvua," Noela husalimu.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu," yaani ni salama tu.

Bi Mwamvua hakuzaliwa Usukumani. Alitoka Ujiji na marehemu mume wake, wakaja na ile mashine, wakabaki. Kisukuma alijifunzia hapo hapo mlangoni, kwa wanawake wanaongoja zamu. Na kwa Noela alikuwa zaidi ya mwenye mashine. Aneth, mtoto wa kwanza wa Noela, alipokuwa na wiki mbili, Noela alipata jipu la ziwa. Akaungua homa, maziwa yakakata. Bi Mwamvua naye alikuwa ananyonyesha. Akamchukua Aneth, akamnyonyesha mwezi mzima pamoja na wa kwake. Sasa Aneth ana miaka kumi na mitatu, na mpaka leo anamwita mama mkubwa.

Basi mwaka ule bei ya kusaga ikapanda. Debe moja lilikuwa shilingi elfu moja na mia tano. Likawa elfu mbili. Kabla watu hawajazoea, likawa elfu mbili na mia tano.

"Bi Mwamvua, unatuua," wanawake walilalamika.

"Dizeli imepanda, wanangu. Nami siipiki dizeli jikoni kwangu."

Wengine walicheka. Wengine hawakucheka.

Siku hizo mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amefariki, na uchaguzi mdogo ulikuwa unakuja. Wagombea walikuwa wawili. Mmoja ni Mageni, mama mkulima wa pamba na mpunga, asiye na maneno mengi. Wa pili ni Sostenes. Huyu ni mtoto wa hapo hapo, lakini alikwenda kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, akajenga nyumba Nyasubi, mjini Kahama. Alirudi na viatu vyenye ncha na simu mbili.

Sostenes alisimama kwenye mkutano wa kitongoji.

"Ndugu zangu! Nilipoanza kununua dhahabu, bei ilikuwa chini. Leo je?"

"Imepanda!" vijana waliowahi kuchimba wakaitikia.

"Imepanda! Hiyo ndiyo faida ya mtu anayejua biashara. Mimi najua kupandisha mali ya mnyonge. Lakini hapa kuna mtu anawapandishia njaa. Ana mapipa ya dizeli kayaficha, anangoja bei ikue. Na wala si wa hapa!"

Watu wakaguna. Kila mmoja alijua anasemwa nani. Hakuna aliyeuliza hayo mapipa kayaona nani.

Kamanda wa sungusungu, yaani ulinzi wa jadi, alikuwa Ndaki, mume wa Noela. Ndaki ni mtu mwema, ila akisikia watu wanapiga kelele huona lazima atoe amri. Akasimama na kirungu chake.

"Mwamvua atengwe! Hakuna kumsalimia. Hakuna kumuuzia. Hakuna kusaga kwake. Atakayevunja, faini mbuzi mmoja. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mikono ikanyooka. Noela akatazama kulia, jirani kanyoosha. Akatazama kushoto, kanyoosha. Mbele, mume wake alikuwa anahesabu. Noela naye akanyoosha.

Tangu siku hiyo injini ikanyamaza.

Asubuhi moja Noela alimkuta Bi Mwamvua kisimani.

"Noela, watoto hawajambo?"

Noela aliinama. Akaanza kusugua ndoo ambayo tayari ilikuwa safi. Bi Mwamvua alingoja kidogo, kisha akachota maji yake akaondoka. Noela alirudi nyumbani akakaa jikoni, hata moto hakuuwasha.

Sasa kusaga kukawa ni Tinde, kilometa nane kwenda, nane kurudi. Jumamosi moja Noela alikuwa na palizi. Akamfungia Aneth debe la mahindi nyuma ya baiskeli.

"Upite pembeni kabisa, mwanangu. Malori yale hayana huruma."

"Sawa, mama."

Saa sita mchana simu ililia. Ilikuwa sauti ya Eufrasia, binti wa shangazi yake Noela, anayefanya kazi kituo cha mafuta Tinde.

"Dada, usishtuke. Aneth yuko na mimi, ni mzima. Lori la mizigo ya Rwanda limempita karibu mno, upepo umemtupa mtaroni. Mkono umevunjika. Njoo kituo cha afya."

Noela hakukumbuka alifikaje. Alimkuta Aneth amelala, uso mweupe kwa unga, mkono wa kulia umefungwa kwenye mbao. Mganga alisema kesho apelekwe hospitali Shinyanga, akafungwe plasta ngumu.

"Mama, unga umemwagika wote," Aneth alisema.

"Achana na unga!" Noela alilia.

Mtoto aliposinzia, Eufrasia alimketisha Noela kwenye benchi la nje.

"Dada, kwenu si kuna mashine? Mtoto anatafuta nini huku?"

"Tumemtenga mwenye mashine."

"Bi Mwamvua? Yule aliyemnyonyesha Aneth? Kafanya nini?"

"Kapandisha bei. Anaficha dizeli."

"Umeiona hiyo dizeli?"

Noela akatikisa kichwa.

Eufrasia akapumua kwa nguvu. "Dada, mimi ndiye ninayepanda ngazi kubadilisha namba kwenye bango la bei. Kila mwezi mamlaka ya serikali inatangaza bei ya juu ambayo kituo hakiruhusiwi kuizidi. Bosi ananisomea, mimi napanda. Nikishuka natukanwa. Kuna dereva alinirushia ganda la ndizi! Kana kwamba bei naitaga mimi."

"Kwa hiyo inayopandisha ni serikali?"

"Ngoja kwanza. Mafuta hatuchimbi sisi. Tunayanunua nje, yanakuja kwa meli. Huko yanakotoka sasa kuna vita. Meli inaogopa makombora, inakaa inangoja. Ikikubali kupita, nauli yake inapanda, na bima yake inapanda. Mafuta yakiwa haba, muuzaji naye anaongeza. Hapo bado hayajafika Dar es Salaam. Na tunayalipia kwa dola, na dola tunazitafuta. Halafu kuna kodi na tozo za humu humu nchini. Hizo ni zetu. Hizo mbunge wako unaweza kumuuliza. Mwisho lori liyalete mpaka Tinde, na lori lenyewe linakunywa mafuta hayo hayo."

Noela alisikiliza. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba tu, lakini hayo aliyaelewa.

"Na dhahabu? Sostenes anasema yeye ndiye kaipandisha."

Eufrasia alicheka mpaka muuguzi akachungulia.

"Sostenes! Dada, Sostenes anaijaza mafuta pikipiki yake pale kituoni kwetu. Kila asubuhi anapigiwa simu kutoka mjini, anaambiwa leo gramu ni bei gani. Anaambiwa! Vita vikitokea, wenye fedha duniani wanaingiwa na hofu. Wanaona fedha zao zitapotea, wanakimbilia kununua dhahabu. Wanunuzi wakizidi, bei inapanda."

"Kwa hiyo dizeli na dhahabu zimepanda kwa sababu moja?"

"Kwa sehemu kubwa, hofu hiyo hiyo. Sasa angalia. Iliyopanda ikatufurahisha, Sostenes kachukua sifa. Iliyopanda ikatuumiza, lawama kamtupia mjane. Na wala sisemi ni mwanasiasa mbaya kuliko wengine. Hata wakubwa wa nchi kubwa wanafanya hivyo hivyo."

Noela alijifuta macho kwa kanga. "Basi sisi hatuna la kufanya. Vita viko huko, sisi tuko huku."

"Lipo. Umeme kwenu umefika wapi?"

"Shuleni."

"Shemeji yangu yuko Nyahanga, ana mashine ya mota. Haijui dizeli. Ila inataka laini kubwa, ile ya taa haitoshi. Laini kubwa inaombwa. Wananchi mnakaa mkutano, muhtasari unaandikwa, mwenyekiti wa kitongoji anaupeleka kijijini, kijiji kinaupeleka kwa shirika la umeme. Kisha mwenyekiti anafuatilia mpaka achoshe watu. Vita mwenyekiti wenu hawezi kuvizima. Nguzo anaweza kuzifuatilia. Mpimeni kwa analoweza."

Aneth alirudi nyumbani Jumatatu, mkono uko kwenye plasta. Alhamisi yake Noela alijaza debe, akajitwika, akapita katikati ya kitongoji mchana kweupe. Watu walimtazama. Akavuka korongo.

Bi Mwamvua alikuwa amekaa kwenye kizingiti.

"Umefuata nini?"

"Kusaga."

"Una mbuzi wa faini?"

"Mbuzi ni wa Ndaki." Noela akatua debe, akapiga magoti. "Nilinyoosha mkono, Bi Mwamvua. Na kisimani nilikusikia. Nisamehe."

Bi Mwamvua aliinuka. "Nifuate." Akampeleka nyuma ya mashine. Palikuwa na dumu moja la lita ishirini, limefika nusu.

"Hayo ndiyo mapipa yangu. Waambie." Kisha akauliza, sauti imeshuka, "Nasikia mtoto kavunjika mkono. Upi?"

"Wa kulia."

Bi Mwamvua akageukia ukuta. Kisha akashika hendeli ya injini, akazungusha, injini ikawaka.

Mlio ule ulifika kila nyumba. Nani huyo anayesaga? Watu wakatoka. Watoto wakakimbia. Ndaki naye akaja mbio, filimbi shingoni, kirungu mkononi.

"Nani kavunja amri?"

Akamwona mke wake, kope zimejaa unga.

"Mimi, kamanda," Noela alisema. "Mbuzi yuko zizini kwako. Lile dume jeusi. Mchukue mwenyewe, unajua anavyopiga pembe."

Watu wakaangua kicheko. Ndaki akajikuna kichwa kwa kirungu. "Mama Aneth, unanidhalilisha."

"Hapana, Baba Aneth. Nitalipa. Lakini nitalipia mkutanoni, na nikiwa pale niulize."

Jumapili mkutano ulijaa. Mtendaji wa kijiji alifika, maana habari zilikuwa zimemfikia. Wagombea wote wawili walikuwepo. Noela alisimama.

"Sostenes, wewe ni mdogo wangu, nimekubeba mgongoni. Unasema umepandisha dhahabu. Sawa. Na pamba nayo ni mali yetu. Mbona hukutupandishia na pamba?"

Kicheko kililipuka. Mzee mmoja alipiga mluzi.

"La pili. Hayo mapipa uliyaona?"

"Nilisikia, dada."

"Kwa nani?"

Sostenes alitazama chini. Halafu akasema jambo ambalo wengi hawakulitegemea. "Kwa kweli hata bei ya dhahabu mimi naambiwa kwa simu. Inakotoka siijui. Niliona watu wanashangilia, nikaendelea."

Noela akaeleza yote aliyoyasikia kwenye benchi. Meli, bima, dola, kodi, lori. Akamaliza kwa kuuliza, "Wagombea, mtafanya nini juu ya laini ya umeme?"

"Nguzo ni mambo ya serikali," Sostenes alisema.

Mageni akanyanyuka polepole. "Barua ya maombi ipo tangu kwa marehemu mwenyekiti. Imekwama kwa kukosa muhtasari wa mkutano. Mtendaji yuko hapa na kalamu. Tuuandike leo, mimi nishinde au nishindwe."

Mtendaji akauandika. Kisha akamgeukia Ndaki. "Kamanda, sungusungu ni ulinzi. Kumtenga mtu ambaye hata hamkumsikiliza, hiyo si sheria. Mwenye malalamiko ya bei aje ofisini kwangu."

Ndaki alivua kofia. "Amri nimeifuta," alisema. "Na mbuzi abaki."

"Mbuzi apelekwe kwa Bi Mwamvua!" sauti ya mwanamke ilitoka nyuma. Watu wakashangilia, na dume jeusi likaenda kweli, likipiga pembe njia nzima.

Mageni alishinda. Alikwenda ofisi ya umeme mara saba. Mara ya saba hawakumuuliza jina. Mwaka uliofuata nguzo zilivuka korongo, na Bi Mwamvua, kwa mkopo wa kikundi cha wanawake, akafunga mota. Debe likashuka hadi elfu moja na mia saba. Halikurudi pale pa zamani, maana vipuri navyo vinakuja kwa meli.

Bi Mwamvua hakusahau upesi. Wapo aliowasagia mwaka mzima bila kuzungumza nao. Na mkono wa Aneth haukuunga sawasawa. Anaandika, lakini ndoo anabeba kwa kushoto. Noela akimwona hivyo hugeuka pembeni. Mama unayesoma haya, usingoje mpaka yakupate. Ukiambiwa adui wa bei yako ni jirani yako, uliza kwanza.

Mwezi uliopita sukari ilipanda Mwabusolo. Kijana mmoja alisimama mkutanoni, akanyoosha kidole kuelekea duka la Valerian.

"Huyu kaificha!"

Watu wakaanza kuguna. Ndaki akapuliza filimbi.

"Umeiona?"

"Nimesikia, kamanda."

"Basi kaa chini," Ndaki alisema. "Mama Aneth, na wewe Sostenes mwenye pikipiki, nendeni Tinde mkaulize bei. Sisi tutawangoja."

Wakangoja.