Maji ya Kijani Uani kwa Aidarus

Siku ya tano baada ya kuanguliwa, samaki wote walikufa. Walikuwa maelfu, wembamba kama nyuzi, na asubuhi walilala chini ya birika kama vumbi jeupe. Ilikuwa mara ya pili. Mwezi uliotangulia pia walikufa siku ya tano.

Aidarus alichuchumaa ukingoni. Kwa miaka ishirini alikuwa mtunza birika la msikiti hapo Mji wa Kale, Mombasa. Maji yake yalisifika. Mtu akitia mguu, aliziona kucha zake zote tano. Leo fundi wa maji ameshindwa na birika la uani kwake.

Mwaka ule wa 1946 tafi, samaki wa miiba wanaokula mwani, walikuwa wachache sokoni. Aidarus akaamua kuwafuga. Alinunua kwa wavuvi wanaotega kwa madema tafi wazima wenye mayai, akawatia birikani na maji ya bahari. Mwezi ulipoandama, walitaga. Mayai yakanata ukutani. Aliwatoa wazazi, na vichanga wakaanguliwa. Kila siku aliwapa unga wa mchele na kiini cha yai la kuku. Kila siku alisugua kuta kwa kumbi la nazi na kutia maji mapya, yaliyochujwa mpaka yakang'aa. Na bado walikufa.

Dada yake mkubwa, Sheikha, ndiye mwenye nyumba. Alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Wamekufa tena?"

"Wamekufa, dada."

"Basi nisikilize. Watu wa bandarini watafuta vyumba hawapati, nami uani nina kaburi la samaki. Nakupa mwezi mmoja. Wakifa mara ya tatu, namwita Thoya mwashi aje na nyundo. Birika lavunjwa, najenga chumba."

"Wifi, mpe miezi miwili," alisema Bimdogo, mke wa Aidarus.

"Mmoja! Ningekuwa na miezi ya kugawa, ningejiwekea mwenyewe."

Mlangoni ikasikika hodi. Alikuwa Barnabas Musyoka, mtu wa afya. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akitafuta viluwiluwi vya mbu majini. Mtaa mzima ulimwita Bwana Mbu.

"Sabalkheri, Bwana Aidarus."

"Sabalkheri. Leo hupati kiluwiluwi hapa. Hapa ni maiti tu."

Barnabas alitazama birika. "Walikuwa wanakula nini?"

"Unga wa mchele na kiini cha yai. Chakula cha mtoto mchanga!"

"Mtoto wako au mtoto wa samaki?"

Bimdogo alicheka, kisha akajizuia alipomwona mumewe.

Barnabas aliteka kichanga mmoja, akamweka juu ya kipande cha kioo, akatoa lenzi mfukoni. "Tazama tumbo lake."

Aidarus akatazama. "Tupu."

"Kichanga huzaliwa na akiba ya kiini cha yai tumboni. Anaitumia siku mbili za kwanza. Siku ya tatu akiba inakwisha na mdomo unafunguka. Hapo lazima ale. Akikosa, anaishiwa nguvu. Ukimletea baadaye, hawezi tena."

"Lakini nilimpa!"

"Mdomo wake ni mdogo kuliko ncha ya sindano. Tena anawinda kwa macho. Anakifuata kinachotembea. Unga hautembei. Unazama, unaoza, unaharibu maji."

"Ndiyo maana nasafisha."

"Na ukisafisha hivyo unamwaga chakula chake."

Barnabas alichukua kikombe, akateremka ufukweni nyuma ya nyumba, akarudi na maji ya kijani kutoka shimo la mwambani. Aliweka tone juu ya kioo. Aidarus akainama. Ndani ya tone moja vitu vilikuwa vikizunguka, vikiruka, vikigongana.

"Subhanallahi! Wote hawa wadudu?"

"Wote. Wao wanakula miani midogo sana, hiyo inayoyapa maji rangi ya kijani. Kichanga anawala wao. Wako hai, hawaozi, na wanamjengea mwili."

"Na wewe mtu wa Machakos, huko bara, wayajulia wapi ya samaki wa bahari?"

"Samaki mwenyewe bado miiba yake inanitisha. Lakini wadudu wa majini nimewaua miaka tisa. Ukimwinda mnyama miaka tisa, unajua anakula nini na nani anamla."

Kazi ilianza siku hiyo. Walijaza mapipa matatu maji ya bahari, wakayaweka juani. Barnabas akaomba gunia dogo la samadi ya mbuzi ili lilowekwe ndani, miani istawi.

Aidarus alirudi nyuma. "Mavi ya mbuzi? Mikono hii yatunza maji ya udhu!"

"Mikono huoshwa, mume wangu," alisema Bimdogo. "Mchicha watiwa samadi, na wewe waula kila siku."

Aidarus alifumba macho, akalizamisha gunia.

Maji yalipokuwa kijani, walitia humo maji ya shimo la mwambani ili wadudu wazaane. Yalitakiwa kuchujwa kwa nguo nyembamba sana, wadudu wadogo wapite na wakubwa wabaki, kwa kuwa wakubwa humla kichanga. Nguo ilikuwa adimu. Aidarus alileta kilemba chake cha melimeli, kitambaa chepesi cha pamba, kilemba cha Idi, akakikata mwenyewe. Kwa vipande vingine walifunika mapipa, mbu wasitage.

Mwezi ukaandama. Tafi wapya wakataga, wakatolewa, na vichanga wakaanguliwa. Siku ya pili Aidarus alimimina maji ya kijani birikani, na kumbi la nazi akampa Bimdogo alifiche.

"Dada yako asema birika limekuwa kinamasi," Bimdogo alimwambia.

"Msikitini nao waniuliza kama nimepanda mchicha majini."

Siku ya tatu alitazama kwa lenzi. Kichanga alijikunja, akatulia, akachupa mbele. Mdudu hakuonekana tena.

"Amekula!" Aidarus alipiga kelele. "Bimdogo, amekula!"

Siku ya tano ikafika. Aidarus alitoka msikitini alfajiri, akasimama uani. Maji yalikuwa mazito kwa kijani, chini hapaonekani. Sheikha alikuwa tayari amesimama pale.

"Haya. Nimwite Thoya?"

Aidarus alizamisha bakuli jeupe, akaliinua. Ndani, nyuzi zenye macho zilikimbia huku na huku. Matumbo yalikuwa yamejaa.

"Hai," alisema. "Dada, wako hai!"

Sheikha aliinama kutazama mpaka mtandio wake ukachovyeka majini.

Kila vichanga walipokua, walipewa wadudu wakubwa zaidi. Baada ya mwezi walianza kuguguna mwani wenyewe. Walipofika miezi sita wakatosha kiganja, na Sheikha akakaanga wa kwanza, akampelekea Bwana Mbu, miiba yote imetolewa. Kisha akamwita Thoya kweli. Thoya alikuja na nyundo yake, akajenga birika la pili.

Gharama ya ufugaji huo ni hii. Vizazi viwili vya samaki, wote wamekufa. Wa kizazi cha tatu walianguliwa maelfu, wakabaki mia mbili na kumi na wanne. Mayai tisa ya kuku na pishi moja ya mchele, vimetupwa. Kilemba kimoja cha Idi. Na siku thelathini ambazo Aidarus, mtunza birika la msikiti, aliyaacha maji yakawa kijani, asiyasugue.