Ikiruka, Niite Bibi

Jumamosi moja ya mwaka tisini na saba, mvua ikinyesha mtaa wa Chaussée de Wavre, Ubelgiji, dukani ilibaki pakiti moja tu ya dagaa. Felisia, Mtanzania aliyekuja kusomea uhasibu, aliishika upande mmoja. Upande wa pili ulishikwa na kijana mrefu mwenye koti la bluu la kiwandani.

"Bon, papa, umuachie bibi yangu," kijana alimwambia mwenye duka.

"Bibi? Mimi na umri huu?"

"Kwetu Bukavu bibi ni muke."

"Basi huyo pia si mimi."

"Bado," alisema kijana, Noé jina lake, akicheka, na Felisia, pamoja na hasira zake zote, akajikuta anacheka naye.

Wakapendana. Noé alichomelea vyuma kiwanda cha magari kule kitongoji cha Forest, kazi ya uhakika, mpaka wazimu ulipomwingia: kampuni ya watu sita, jangwani Amerika, waliotaka kurusha roketi yao wenyewe bila serikali yoyote. Walitafuta fundi wa matangi.

"Uko serious? Serikali zenyewe zinaangusha, sembuse watu sita?"

"Mutu wa kwanza banamucheka tu, chérie. Twende wote. Kuwa bibi yangu."

Felisia alimtaka Noé, lakini maisha ya kubahatisha aliyaogopa kuliko baridi ya Ubelgiji. "Ikiruka, niite bibi," alisema. "Isiporuka, urudi tuishi kama watu."

Waliagana kituo cha treni cha Gare du Midi, Felisia kavaa kitenge chini ya koti zito, kwa kuwa Noé alikipenda. Tangu hapo kila Jumapili alisali kanisani, na alichoomba hakumwambia mtu.

Novemba simu ililia.

"Ilipanda kidogo," Noé alisema. "Kisha ikapasuka."

Felisia alishusha pumzi ndefu. Furaha ilimjaa, na aibu ikaifuata papo hapo. "Pole, mpenzi wangu. Basi unarudi lini?"

Ile pumzi Noé alikuwa ameisikia.

"Felisia, ulikuwa unaomba ianguke?"

Angeweza kudanganya. "Nilitaka urudi," alisema.

"Donc ndiyo." "Tuko tunatengeneza ingine."

"Na mimi je, Noé?"

"Bon," alisema, kwa adabu ile anayompa mwanamke yeyote asiyemjua. "Asante, dada."