Nani Atafukia Majani?

Walikutana stendi ya Mbinga. Siwema, mwalimu wa sekondari, alikuwa akishuka kwenye basi la kutoka Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, na gauni lake jeupe la kanisani. Placidi alikuwa akitoka kwenye lori lake la makaa ya mawe ya Ngaka. Bega likagusa gauni, doa likabaki.

"Samahani dada. Nitalifua."

"Kwa mikono hiyo?"

Mwaka haukuisha, mahari ikapokelewa Liuli.

Kisha ikaja barua. Chuo kimoja cha London, kinachofundisha mambo ya Asia na Afrika, kilimpa Siwema nafasi ya kusomea shahada ya uzamili katika lugha za Kiafrika. Mwaka mzima. Akampigia Placidi.

"Mpenzi, wamenikubali."

"Hongera, mama. Unaondoka lini?"

"Jumamosi ya wiki ijayo."

"Sawa. Huku mlimani mtandao unasumbua."

Simu ikakatika. Siku tano hakupiga. Siwema alimimina chai ikapoa, akamimina nyingine. Siku ya sita simu ikaita. Alikuwa Ottilia, dada yake Placidi.

"Wifi, mchumba wako ameamka. Amekata majani shamba lote, ameyalaza tayari kwa ngoro."

Siwema alikaa chini. Wamatengo, watu wa kwao Placidi, wote wanajua ngoro, kilimo cha mashimo mlimani: mwanamume hukata majani na kuyalaza kwa miraba, mwanamke huchimba katikati na kuyafukia kwa udongo. Halazi majani asiye na wa kuyafukia. Naye Siwema Jumamosi atakuwa angani.

"Atachimba nani?"

"Hilo muulize mwenyewe. Mimi nauza maharage tu."

Kesho yake alivaa gauni lile lile jeupe, akapanda basi dogo hadi Mbinga, akachukua bodaboda hadi penye mwisho wa njia, akamalizia kwa miguu. Kutoka ukingoni mwa shamba aliona mgongo wa mtu aliyeinama na jembe, kiunoni kanga ya bluu yenye mchoro wa korosho. Kanga yake mwenyewe, aliyoiacha kwa mama mkwe. Akaharakisha kumwona mwanamke huyo ni nani.

Mtu yule akainuka, akashika kiuno. Alikuwa Placidi.

"Umevaa kanga yangu."

"Mgongo unauma, mama. Sikujua wanawake mnateseka hivi."

"Majirani wanasemaje?"

"Wananiita Mama Placidi. Nimezoea."

"Mbona hukupiga simu?"

Placidi aliukwangua udongo kwenye jembe kwa kidole. "Ningekwambia usiende. Nikasema nilime kwanza, mpaka neno hilo linitoke."

"Limetoka?"

"Bado kidogo." Akaonyesha mraba mmoja ambao haujachimbwa. "Ule nimekuachia. Mtu akiuliza shamba ni la nani, niwe na la kumwonyesha."

Siwema alivua viatu, akampa avishike, akapokea jembe.

"Nyie watu wa ziwani," Placidi akasema, "mnalima kama mnapiga kafi."

"Nyamaza, Mama Placidi."

Udongo mwekundu ulirukia gauni jeupe hadi magotini. Placidi akalitazama doa, viatu vya mchumba wake mkononi.

"Hilo sifui," akasema. "Nenda nalo, urudi nalo."