Ndege Iliyoanguka Ubaoni

"Mche, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Angalia tu. Usichume. Rudia."

"Niangalie tu."

"Wakubwa hawataki kelele, Gekara. Umeelewa?"

Simu ikakatika.

Gekara akaiweka chini polepole. Mche lilikuwa jina lake la siri; kuchuma, kukamata. Jasusi wa serikali, bastola ya Browning kwapani, redio ya Motorola ndani ya mkoba, na kazi aliyopewa ni kutazama. Mwizi alijulikana. Bwana Nyamwange, mkubwa wa ugavi wa dawa, alikuwa ametoa dawa za sindano kwenye bohari ya hospitali mchana kweupe. Alasiri hiyo ndege ndogo ingetua katikati ya mashamba ya chai, izibebe, zikauzwe ng'ambo ya mpaka.

Itue wapi? Hapo ndipo pagumu. Kila shamba kubwa la Kericho lina kiwanja chake cha nyasi.

Phelis, mke wake, alifia katika hospitali hiyo. Nimonia. "Dawa imekwisha," walimwambia. Uongo. Haikuwa imekwisha. Ilikuwa imekwenda.

Usichume!

Aliingia ukumbi wa klabu, Nyamwange alimokuwa kwenye kozi, akijifanya msimamizi wa magari kutoka Roret. Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu, na kozi za wakubwa zilikuwa zimeota kama uyoga. Mwalimu, Mdenmark mwenye ndevu nyekundu, alikuwa amechora ndege ubaoni, pua chini.

"Ndege yenu imeanguka Msitu wa Mau," alisema kwa Kiswahili cha kuchongachonga. "Mko hai. Vitu hivi vimepona. Panga, kiberiti, kamba, blanketi, dira, karatasi ya aluminiamu ya kasha la chai. Kipi cha kwanza? Lazima wote mkubaliane."

Meza ya Gekara ilikuwa na watu watatu: yeye, Okoth, fundi mkuu wa kiwanda, na Nyamwange mwenyewe, tumbo mezani, saa ya Seiko ya dhahabu mkononi.

"Karatasi," alisema Nyamwange.

"Karatasi, mzee," alisema Okoth haraka. Hata hakufikiri. Mkubwa akisema, mkutano umekwisha. Ndivyo mikutano ya nchi hii inavyokwenda.

Gekara akawasha sigara ya Sportsman.

"Mimi nakataa."

Okoth alikohoa. Nyamwange akageuka taratibu, kama mtu aliyesikia kiti kikiongea.

"Unasema nini, kijana?"

"Hiyo karatasi ni takataka, mzee. Tutawasha moto. Rubani ataona moshi."

"Moshi! Mvua ya Kericho inakuja kila alasiri, wewe utawasha nini? Masikio yako?"

Okoth alicheka mpaka miwani ikateleza.

"Kiberiti," alisema Gekara.

"Ndugu, kubali tukanywe chai," Okoth alimsihi. "Hiyo ndege yenyewe ni chaki."

"Sikubali."

Mwalimu alifurahi sana. Alisema huko kwao hayo ndiyo huitwa majadiliano. Nyamwange hakuwa anajadiliana. Mshipa wa shingo ulikuwa umemtoka. Miaka yote ya kiti kikubwa, hakuna mtu aliyemwambia hapana mbele ya watu, sembuse mtu wa magari, tena wa kwao Gusii.

"Wewe umewahi kuona ndege, au unaona kunguru tu?"

"Na mzee ameona nini? Rubani gani anaweza kuona kipande cha karatasi kwenye mvua? Mzee anatuhadithia."

Nyamwange alipiga meza. Vikombe viliruka.

"Nimeona kwa macho yangu! Juu ya Kiptere, kiwanja cha ndege za kunyunyizia dawa ya wadudu! Mvua inanyesha, msalaba wa karatasi uko chini, na ndege ikatua!"

Gekara akazima sigara.

"Basi mzee ameshinda," alisema Gekara. "Karatasi iwe ya kwanza."

Akainuka, akauliza msalani ni wapi, akatokea dirishani.

Ndani ya Land Rover yake redio ililia.

"Mche, uko wapi?"

"Naelekea Kiptere."

"Nani amekutuma? Rudi ukumbini! Hiyo ni amri!"

"Amri ndizo zilizomzika mke wangu."

Akaizima.

Barabara ya murramu, yenye tope la mvua ya jana, iliteleza kama sabuni. Alipofika, msalaba ulikuwa tayari umetandazwa kwenye nyasi, umebanwa kwa mawe, unang'aa. Kando yake, pikapu ya Peugeot 404 yenye turubai. Vijana wawili wenye mapanga walisimama.

Gekara hakutoa bastola. Alitoa sauti ya ofisini.

"Nyinyi! Mzee Nyamwange amesema ndege itue bondeni leo. Pale kwenye majani mabichi. Hamisheni karatasi!"

"Pale si ni tope, bwana?"

"Unamuuliza mkubwa?"

Walitazamana. Kumuuliza mkubwa? Nani anataka kulala njaa? Wakakunja karatasi mbio, wakateremka nayo hadi kando ya kijito, wakautandaza msalaba upya kwa uangalifu mkubwa.

Mvua ikaanza.

Cessna ilitokea mawinguni, ikazunguka mara moja, ikashuka. Magurudumu yakagusa majani. Yakazama. Ndege ikainama mbele, propela ikachimba tope, mkia ukabaki juu kama wa bata anayetafuta samaki.

Vijana walitupa mapanga, wakapotea ndani ya chai.

Rubani alitoka na bunduki. Browning ikabweka mara moja. Bunduki ikaruka, naye akakaa chini kwenye tope, ameshika mkono, akilaani kwa lugha yake.

Gari lilifunga breki juu kiwanjani. Nyamwange akateremka anahema, suti imelowa.

"Unajua mimi ni nani? Nikipiga simu moja tu Nairobi, umekwisha!"

"Piga, mzee. Lakini ongea kwa sauti, mvua ni kubwa."

Akamfunga pingu mkono mmoja na rubani, wa pili kwenye nguzo ya bawa la ndege. Akatafuta ufunguo wa pikapu, akaupata umeachwa palepale kwenye swichi.

Hospitalini hakwenda bohari. Alirudisha pikapu nyuma mpaka mlango wa wodi, akafungua turubai, akaanza kushusha makasha ya dawa mbele ya wagonjwa wote. Muuguzi Yunia alitoka mbio.

"Bwana, dawa lazima zipitie kwa mkubwa!"

"Mkubwa yuko Kiptere, amefungwa kwenye ndege. Kuna mtu ndani anasubiri sindano?"

Yunia alimtazama. Kisha akabeba kasha la kwanza mwenyewe, akaingia nalo anakimbia.

Mtoto alilia ndani. Kilio kikali, cha mtu aliyechomwa sindano.

Gekara alisikiliza kidogo. Akainua kola ya koti, akatoka kwenye mvua kutafuta kikombe cha chai. Hata vumbi lake tu. Chai nzuri ilishapelekwa Ulaya zamani.