Nusu ya Kisiwa

Kila siku ya mapumziko, kabla jua halijawa kali, Pilipili alikuwa ameshainama kwenye beseni. Nyumba ya wageni iliyopakana na kwao ilikuwa na mashuka mengi na mashine mbovu ya kufulia, na mwenye nyumba hiyo alikuwa tayari kumlipa mtoto yeyote anayejua kusuuza vizuri. Pilipili alijua. Alifua, akakamua, akaanika, mpaka vidole vikakunjamana kwa sabuni. Nyumbani alikuwa na jina jingine, lakini tangu darasa la kwanza wenzake walimwita Pilipili, kwa sababu hasira zake zilikaa karibu. Ukimgusa tu, zimewaka.

Muhula ule alifua kwa sababu moja. Shangazi yake alikuwa fundi wa majokofu ya kuhifadhia chanjo. Kila mwaka alizunguka kisiwa kizima kwa pikapu ya idara ya afya, akikagua na kutengeneza jokofu la kila zahanati iliyo kando ya barabara. Safari hii alikubali kumchukua Pilipili na rafiki yake mmoja, lakini kwa masharti.

"Dizeli ni ya kazi, na imepimwa kwa mzunguko mmoja tu," alisema. "Chakula mtajinunulia wenyewe. Hotelini hatulali. Tutalala sakafuni, kwenye stoo za zahanati, na atakayelalamikia mbu nitamrudisha kwa mama yake."

Pilipili alizaliwa kisiwani na kukulia kisiwani, lakini hakuwahi kufika mbali zaidi ya kona ya machimbo ya mawe, nje kidogo ya mji. Alitamani kuona upande wa pili, kule barabara inakopita juu ya majabali mpaka kwenye rasi yenye mnara wa taa unaoongoza meli. Aliuchora mnara huo nyuma ya madaftari yake yote, bila kujua una rangi gani.

Rafiki aliyemchagua aliitwa Chapchap. Huyu alifanya kila kitu mbio. Alikula mbio, alisema mbio, na viatu alimalizia kuvaa akiwa ameshatoka nje. Aliazima simu ya zamani ya kaka yake ili wapige picha za safari nzima.

Mwanzo wa safari ulikuwa mtamu. Walikaa watatu mbele, wamebanana, na nyuma kulikuwa na masanduku ya vifaa, jiko dogo la gesi, mikate na mayai ya kuchemsha. Barabara ilikuwa na mashimo mengi kiasi kwamba Chapchap alidai mayai yamepondeka hata kabla ya kumenywa. Kila zahanati waliyofika, shangazi alitengeneza jokofu, kisha akasema neno lile lile, akielekeza kidole ukutani: "Waya huu asiuguse mtu."

Kwenye zahanati ya mlimani walikuta jokofu limekufa kabisa. Shangazi alilifungua mgongo, akabadilisha kifaa kilichoungua, akaliwasha tena. Kulipokucha lilikuwa na baridi safi. Nesi, mwanamke mfupi mwenye sauti nene, alihamishia chanjo humo kutoka kwenye sanduku la barafu, huku akimwombea shangazi maisha marefu.

"Kesho akina mama wanaleta watoto," alisema. "Wengine wanatoka mbali, kwa miguu. Umeniokoa, dada yangu."

Kisha akaenda kumhudumia mgonjwa, na shangazi akatoka kupakia vifaa. Chapchap akabaki chumbani na simu iliyokuwa imekwisha chaji. Chumba kile kilikuwa na soketi moja tu.

Baada ya kuondoka, walivuka daraja la mbao, wakashika njia ya pwani. Asubuhi nzima Chapchap hakusema kitu. Pilipili alidhani mwenzake amepata kichefuchefu kwa mashimo, akamwachia upande wa dirisha. Yeye mwenyewe alikuwa na furaha mpaka inamwagika. Shangazi alisema kuwa baada ya mlima uliokuwa mbele yao, mnara ungeonekana.

Walisimama kando ya kijito kupika chai. Shangazi alichukua dumu akashuka kuchota maji ya kupooza injini. Hapo Chapchap akamsogelea Pilipili.

"Nikikuambia kitu, utakasirika?"

"Nitakasirika. Sema."

"Nilichomoa waya wa jokofu. Kule mlimani. Nilitaka kuchaji simu kidogo tu. Halafu shangazi akapiga honi, nikachomoa simu, nikakimbia."

"Ukaurudisha waya."

Chapchap akatikisa kichwa.

Pilipili alihisi uso unapata moto. "Umekumbuka saa hizi?"

"Nilikumbuka tulipofika kwenye daraja la mbao. Nilitoa simu nipige picha, nikaona ina chaji, ndipo nikakumbuka."

"Daraja la mbao liko pale pale karibu na zahanati! Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa. Shangazi yako akinuna anatisha. Nikasema labda nesi ataona mwenyewe." Chapchap akamshika mkono. "Pili, tunyamaze tu. Bila shaka ameshaona. Tukisema, tutarudishwa, na wewe hutauona mnara."

Pilipili akauchopoa mkono wake. "Mjinga wewe! Na mimi umeniambia ya nini? Si ungekaa nayo mwenyewe?"

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, akageukia jiko. Maji ya chai yalianza kutoa mvuke. Akaangalia mlima ule mbele yao, barabara nyembamba ikiukata ubavuni kama kovu. Walikuwa karibu sana. Nesi angeweza kuona, kweli. Mtu yeyote angeweza kuona. Akakaa hivyo, meno yameumana, mpaka chai ikachemka na kumwagikia jiko, na kilichomuudhi kuliko yote ni kwamba alikuwa akitafuta sababu ya kufunga mdomo, na sababu zilikuwa zinapatikana.

Shangazi akapanda kutoka kijitoni na dumu lake. "Mbona mmeiacha chai ikamwagika? Mmegombana?"

"Sema," Pilipili akamwambia Chapchap.

Chapchap akainamisha kichwa.

"Sema, au nitasema mimi. Na mimi nitasema vibaya."

Chapchap akasema. Kwa mara ya kwanza tangu Pilipili amfahamu, alisema polepole, neno moja moja.

Shangazi hakupiga kelele. Aliimwaga chai yake yote mchangani, akafunga gesi, akatoa simu yake na kuiinua juu huku na huku. Mtandao haukuwepo. "Pandeni," alisema. Pikapu ikageuzwa, na mlima ukabaki nyuma yao.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda, au hivyo ndivyo ilivyoonekana. Shangazi aliendesha huku amekunja uso. Chapchap alijibanza dirishani kama kifaranga aliyelowa. Katikati, Pilipili alichemka mpaka akashindwa kuvumilia.

"Nilifua mashuka muhula mzima!" alifoka. "Muhula mzima! Mikono ikatoka magamba! Wewe ulifanya nini? Uliazima simu! Simu tu! Sitaki kukuona tena, ukifika nyumbani usinisemeshe, usikae karibu na dawati langu, na picha zako zile sizitaki!"

"Ukimaliza niambie," shangazi akasema bila kugeuka. "Mbele kuna shimo kubwa, usije ukaung'ata ulimi."

Pilipili akanuna. Shimo likaja. Hakuna aliyecheka.

Walifika zahanati jua likielekea kuzama. Shangazi aliruka chini hata kabla injini haijatulia, akaingia moja kwa moja chumba cha jokofu. Waya ulikuwa sakafuni, pale pale ulipoangushwa. Nesi akaja mbio, akafungua mlango wa jokofu, akasoma kipimajoto kilichokuwa ndani. Akakisoma tena.

"Joto limepita mstari," alisema. "Kutwa nzima nimepita hapa na mabakuli yangu. Halingurumi, nikafurahi, nikasema leo limetulia kwa sababu limepona." Akamgeukia shangazi. "Ni nani?"

Chapchap akainua mkono kama yuko darasani. Machozi yalimtiririka.

"Usinililie mimi," nesi alisema, na sauti yake nene ikatetemeka kwa hasira. "Kesho pana watoto wachanga kwenye benchi lile. Chanjo hizi siruhusiwi kuzitumia tena mpaka mfamasia wa hospitali azikague. Nitawachoma nini? Maji?"

Alizitenga chanjo zote, akazibandikia karatasi iliyoandikwa "ZISITUMIKE". Shangazi alisema kulikuwa na njia moja tu: angeondoka alfajiri kwenda hospitali ya mjini na sanduku la barafu, achukue chanjo nyingine na kurudi. Pilipili aliisikia hesabu hiyo kabla haijatamkwa. Dizeli ya upande wa pili ingeishia hapo.

"Na kesho, wakati tunakusubiri," nesi akasema, "akina mama hawatapata maelezo kutoka kwangu. Watayapata kwa mwenye mkono uliochomoa waya."

Asubuhi shangazi alikuwa ameshaondoka. Akina mama walianza kufika, mmoja mmoja, kisha makundi. Chapchap alisimama mlangoni na kurudia maneno yale yale kwa kila aliyefika: kosa ni lake, chanjo zinakuja, wanaombwa wasubiri. Wengine walisonya. Wengine walitikisa vichwa na kwenda kukaa. Lakini mama mmoja, aliyekuwa na mtoto mgongoni na viatu mkononi, hakukubali.

"Ulichomoa waya wa dawa za watoto ili uchaji simu?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nisamehe! Nimefunga genge langu la mboga tangu asubuhi. Nimetembea huko kote na mtoto huyu anayeota meno. Nisamehe yako itanibeba kurudi nyumbani?" Akamgeukia Pilipili, aliyekuwa amesimama nyuma kidogo na jagi la maji. "Na wewe je? Ndio mlikuwa mkichezea huo umeme pamoja?"

Pilipili alikuwa na jibu tayari: mimi simo. Lilikuwa jibu la kweli, na alikuwa na hasira za kutosha kulitoa. Akamwona Chapchap, midomo imekauka kwa kusema.

"Mimi ni rafiki yake," alijibu, bado kwa ukali. "Mama, kaa hapa kivulini. Nipe mtoto nikushikie, unywe maji."

Yule mama akalegeza kanga na kumkabidhi mtoto.

Ilikuwa adhuhuri pikapu iliporudi, imejaa vumbi mpaka kioo cha mbele. Shangazi alishusha sanduku la barafu kama mtu anayeshusha mayai. Muda si mrefu zahanati ikajaa vilio vya watoto, mmoja akianza na wote wakimfuata, na nesi akawa anacheka kwa sauti yake nene huku sindano zikienda. Hakuna mtoto aliyerudishwa. Mama mwenye genge alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Alipotoka alimpita Chapchap bila neno, akasimama, akageuka nusu. "Angalau ulisimama pale ukasema," alisema, akaenda zake.

Wakati wa kupakia vifaa, Pilipili aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Na mnara, shangazi?"

"Dizeli iliyobaki inatufikisha nyumbani. Upande ule nitaurudia peke yangu, ninyi mkiwa shuleni."

Pilipili akapiga teke gurudumu la pikapu. Likaumiza kidole, akapiga tena.

"Njooni hapa wote wawili," shangazi akasema, akakaa kwenye ukingo wa pikapu. "Pilipili, hasira yako sitakunyang'anya. Umepoteza kitu ulichokitolea jasho. Kasirika. Lakini nilisikia kutoka kwa nesi ulichomjibu yule mama, na nikafurahi kwamba hukuiacha hasira iseme peke yake." Akamtazama Chapchap. "Wewe. Waya uliuchomoa kwa muda mfupi, kwa uzembe. Hilo ni kosa, na mimi pia nilikosa, maana nilipaswa kukagua ukuta kabla ya kuwasha gari. Lakini ungesema pale kwenye daraja la mbao, tungegeuza gari, tungechomeka waya, na jokofu lingekuwa bado na baridi. Leo tungekuwa mnarani tukila mayai yaliyopondeka. Kilichozitia chanjo hizi mashakani, kikawaweka mama wale juani, kikamnyima mwenzako safari yake, ni asubuhi nzima ya kunyamaza. Umenielewa?"

"Nimeelewa, shangazi."

"Na wewe, Pilipili, chai ile ilimwagika mkiwa mnafanya nini?"

Pilipili akatazama chini. "Nilikuwa nafikiria kunyamaza."

"Basi na wewe unajua inavyokuwa. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, kosa likiwa bado dogo. Atakayekukaripia atakaripia, kisha mtatengeneza kilichoharibika. Haya, maliza kupakia, tuondoke."

Pilipili alipanda mbele, akakaa katikati bila kumtazama mtu. Hakuwa amesamehe, na hakutaka kujisingizia kwamba amesamehe. Nyuma alimsikia Chapchap akiburuta sanduku la mwisho, akilinyanyua kwa haraka zake zile zile. Kukafuata mlio wa kitu kuvunjika.

Kimya kikapita, kifupi mno kuitwa kimya.

"Shangazi!" Chapchap akapaza sauti. "Nimevunja kioo cha pembeni! Cha kulia! Ni mimi! Nimekivunja sasa hivi!"

Shangazi akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Pilipili aliuma mdomo, akakunja uso kwa nguvu zake zote, lakini kicheko kikampita kooni na kutoka.

"Panda, mtoto wewe," shangazi akasema, "kabla hujaivunja na nusu hii ya kisiwa."

Chapchap akapanda. Pilipili akamsogelea shangazi yake kidogo, ili rafiki yake apate nafasi ya kukaa.