Jina la Giles Makaburini

Siku ya sherehe ya parokia, kijiji kizima cha Aldersley kilikuwa uani mwa kanisa. Akina mama waliuza keki na jamu kwenye meza zilizopangwa katikati ya makaburi, watoto walikimbizana, na bendi ya kijiji haikupumzika. Rowena Lisle, msusi kutoka Coventry, alikimbilia ndani kukwepa jua, gauni lake la njano likimnata mgongoni kwa jasho.

Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya nta. Aliinua macho, akashtuka. Ukutani, juu ya upinde, palichorwa Siku ya Hukumu: mashetani wekundu wakiwaburura watu motoni, mmoja mwenye mapembe akimvuta mwanamke nywele.

"Usiogope," sauti ya kiume ilisema nyuma yake. "Huyo mwenye mapembe ni mjomba wangu Bernard. Ukimzoea, ni mtu mzuri tu."

Rowena aligeuka. Mwanamume mrefu alikuwa akimtazama, mikono ya shati imekunjwa, vumbi la mbao limemganda nyusini.

"Mwambie mjomba wako nywele za mwanamke hazivutwi hivyo," alijibu. "Mimi ni msusi, naumia nikimwona."

Mwanamume alicheka mpaka bibi mmoja akamkata jicho. Aliitwa Giles Pargeter, seremala, na kabla ya jioni alikuwa amemnunulia Rowena keki mbili na kuiba namba yake ya simu, kama alivyopenda kutania baadaye.

Mapenzi yao yalikua kwa simu.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe je, seremala wangu?"

"Mimi nakungoja wewe Jumamosi ndipo nishibe."

"Muongo mkubwa!"

Lakini kila Rowena alipokuja kijijini, Giles alimpitisha njia ya mbele tu. Upande wa nyuma wa kanisa, kwenye mti mweusi wa kale, hakumfikisha kamwe. Na alipomuuliza kwa nini mwanamume mzuri kama yeye anaishi peke yake, Giles aliinuka kuchemsha chai.

Jumapili moja ya Oktoba Rowena aliamua kumshtukiza. Alivaa koti jekundu na viatu vya visigino, akaendesha gari hadi Aldersley. Ukungu ulikuwa mzito. Nyumbani kwa Giles hakukuwa na mtu.

"Yuko makaburini," alisema jirani, Bibi Maud. "Jumapili hakosi. Wewe hujui, mwanangu?"

Rowena hakuuliza ajue nini. Alizunguka kanisa, visigino vikizama kwenye majani yaliyooza, mpaka akaufikia ule mti. Chini yake palikuwa na jiwe jipya na maua ya asubuhi ile. Aliinama, akasoma: Harriet Pargeter. Chini ya jina hilo kulikuwa na jingine. Giles Pargeter. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwepo. Mwaka wa kufa ulikuwa bado haujachongwa.

Alizipitisha kidole herufi za jina lile, moja moja.

"Rowena?"

Alipiga yowe. Giles alikuwa amesimama kwenye ukungu, mikono imejaa udongo. Rowena hakungoja neno. Alikimbia, akaacha kiatu kimoja matopeni.

Kwa siku kadhaa aliitazama simu ikiita bila kuigusa. Usingizini aliliona lile jiwe, na kila mara mwaka ulikuwa umeshachongwa. Adhuhuri ya Alhamisi, akiwa kazini saluni, alishindwa kuvumilia, akapiga yeye.

"Harriet ni nani?"

"Mke wangu," Giles alisema taratibu. "Aliugua, akafa. Siku ya kuagiza jiwe niliwaambia waandike na langu. Niliona nimeshakwisha. Nilitaka kukuambia, mpenzi, lakini niliogopa utakimbia."

"Na nimekimbia kweli." Rowena aligeukia ukuta mteja wake asimsikie. "Giles, bado unataka kwenda kulala pale?"

Alisikia pumzi ya Giles tu.

"Giles! Nijibu!"

"Kuna siku," alisema, "naona kama..."

Simu ikakatika. Alipiga tena. Haikuita. Akapiga mara nyingine na nyingine, kisha akaacha mteja na nywele zinazochuruzika maji, akatoka mbio hadi kwenye gari.

Barabara yote alisali kwa sauti, yeye asiyejua kusali. Mlango wa Giles ulikuwa wazi. Karakana ilikuwa wazi, msumeno sakafuni. Aliita mpaka sauti ikakauka. Akakimbilia kanisani, akausukuma mlango mzito akiogopa kutazama.

Giles alikuwa ameketi benchi la mbele, kichwa amekishika mikononi.

Rowena alimfikia, akampiga vibao vya kifua. "Mbona simu umezima? Mbona umezima?"

"Iliisha chaji," Giles alisema, akishangaa. "Nikaja hapa. Niliogopa kubaki peke yangu nyumbani."

Ndipo Rowena alipoanza kulia, kilio cha mtoto. Giles alimkumbatia.

"Malizia," alisema Rowena. "Kuna siku unaona kama nini?"

"Kama hakuna haja ya kuamka. Zimepungua tangu nikujue, lakini hazijaisha. Sitaki kukudanganya."

"Umemwambia nani?"

"Wewe. Sasa hivi."

Rowena alimfuta uso kwa kiganja. Moyo ulikuwa bado unampiga. Alijua utampiga hivyo kila mara simu ya mwanamume huyu isipoita, pengine maisha yake yote.

"Kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari, mimi na wewe," alisema. "Utamwambia ulivyoniambia, neno kwa neno."

"Na baada ya hapo, laazizi?"

"Baada ya hapo uniombe uchumba. Ila usithubutu kuniomba kabla."

Giles aliinuka kwenye benchi, akamshika mkono.

"Daktari anafungua saa ngapi?" aliuliza.