Kizibo Namba Saba

"Kichupa namba saba, Mwalimu. Kipitishe kwenye tundu la nyaya."

Sauti ilitoka nje ya mlango wa chuma. Ndani ya chumba cha baridi cha maabara, Kobra alikuwa amenasa. Nyuzi joto nne. Kitasa cha ndani kimeng'olewa.

Redio kimya. Kuta zile zilikuwa nene mno.

Miezi mitatu alifundisha afya ya mimea chuoni hapo bila yeyote kujua kuwa ni jasusi. Amri ilikuwa fupi: ukungu wa mimea uliohifadhiwa maabara usitoke nje ya jengo. Ulikausha mahindi kuanzia ndani, na dawa yake haikuwepo. Yule nje, aliyejiita profesa mgeni na kuketi hata darasani mwake, alitaka kuumwaga mashambani ili mabwana zake waje kuuza mbegu zao zisizodhurika. Shamba la kwanza njiani lilikuwa la mama yake Kobra.

Aliogopa. Tusidanganyane.

"Nina bastola na dakika mbili. Ukinipa, nakufungulia."

Thubutu! Kobra alijua hafunguliwi.

Vidole vilikufa ganzi. Alitwaa vichupa viwili: saba, chenye ukungu, na sifuri, chenye maji matupu ya kulinganishia, kama ilivyo kwa kila jaribio. Kwa macho, vyote maji tu. Namba iliandikwa kwenye kizibo, na tena ubavuni kwa maandishi madogo.

Akabadilisha vizibo.

"Haya, chukua."

Mgeni akatazama juu ya kizibo. Saba. Akacheka.

"Baridi njema, Mwalimu."

Nyayo zikatokomea. Meno ya Kobra yakagongana robo saa nzima, hadi ufunguo ulipolia mlangoni. Alikuwa Mama Funguo, fundi wa maabara.

"Makubwa! Darasa zima linakungoja, mwanangu, nawe umejifungia kwenye friji?"

"Nisamehe, mama." Akatoka, akaminya redio kuwaita wenzake. "Mnara, Kobra hapa. Mgeni katoka. Land Cruiser nyeupe."

"Tunaiona darajani. Tunaziba njia. Ukungu?"

"Ninao mimi."

"Yeye kabeba nini?"

"Maji."

Akamkabidhi Mama Funguo kichupa akifungie kabatini, akaingia darasani akipuliza vidole.

"Tulishasema, tunarudia. Namba isomeni ubavuni. Vizibo hubadilishana."

"Mwalimu, hilo ulifundisha wiki jana," mwanafunzi mmoja akalalamika.

"Najua," alisema Kobra, akiokota chaki. "Profesa mgeni alikuwa amesinzia."